Mama, Mke wa Mwezi Ni Mmoja

Mama yangu mpenzi,

Nakuandikia kutoka Kabambare, kwenye baraza ya mke mwenzio. Usikunje uso huko uliko. Tangu nije kufundisha fizikia hapa, Mama Sakina ndiye aliyenipa chumba, na sombe yake ya majani ya muhogo, uniwie radhi, inakaribia yako. Nina habari ambayo sikutaka uisikie kwa mtu mwingine: ule ubishi wetu wa uani Kasongo umekwisha, na mimi nimeshinda.

Unaukumbuka? Ulikuwa ukianua mpunga jua likizama, mimi nikikunja mkeka, na ile nyota kubwa ya magharibi ikiwa imeshatoka. Ulinifundisha kwamba mwezi ana wake wawili. Wa jioni ndiye mke mkubwa, mpishi hodari. Wa alfajiri ndiye mdogo, mchoyo wa chakula, anayemkondesha mumewe, na yeye alitokea upande wa Kabambare. Baba naye wakati huo alikuwa Kabambare kwa mke wake mdogo, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukuuliza kama hekaya hiyo uliirithi au uliitunga mwenyewe.

Mimi nilikuwa mtoto mwenye maswali, kichwa ngumu kama ulivyopenda kuniita. Nilikuuliza mbona wake hao hawaonekani siku moja.

“Wake-wenza wakikutana kila siku, mwezi atalala wapi?”

“Lakini mama, pengine iko mumoja tu. Anatoka huku, anaenda kule.”

Ulicheka hadi ungo ukakuponyoka. “Mwanamuke mumoja, nyumba mbili? Hiyo ni mambo ya wanaume.”

Nikaendelea kukunja mkeka, maana ulikuwa na haki ya kucheka jambo lile, na nyumba yetu ilikuwa na vicheko vichache. Lakini sikukubali. Nililipeleka swali hilo shuleni, likanifikisha hadi chuo, na huko nikaambiwa kwamba nyota yako si nyota. Ni sayari, jina lake Zuhura, nayo inalizunguka jua kama sisi, ila yeye yuko ndani zaidi, karibu na moto. Nilirudi likizo nikiwa na maneno hayo mdomoni. Ukaniambia, “Karatasi inabeba yote, mutoto wangu. Unioneshe.” Nilikuwa sina cha kukuonesha. Ukafariki bado sina.

Sasa nisikilize. Hapa shuleni nina kundi la wasichana wanaopenda anga. Tulitengeneza darubini kwa bomba la plastiki, kioo cha miwani ya sokoni, na lupu, kile kioo kidogo ambacho wanunuzi wa dhahabu kule Lusangi hutazamia unga wao. Inapindua kila kitu kichwa chini, lakini inaona. Jioni ya kwanza tuliielekeza kwa Zuhura, na Riziki, aliye mwepesi kuliko wote, akaweka jicho kwenye lupu. Kisha akasema taratibu, “Madamu, huyu muke wa mwezi, naye iko mwezi.”

Ni kweli, mama. Ukimtazama kwa chombo, Zuhura hupungua na kujaa kama mwezi wenyewe, kwa sababu jua humwangaza upande mmoja. Siku hizo alikuwa hilali nyembamba yenye pembe mbili. Nilikuita kwa sauti, mbele ya wanafunzi, bila aibu.

Hilali hiyo ndiyo iliyoniponza. Ilikuwa jioni ya kungoja Ramadhani ianze, na watu wamejaa uwanjani kutafuta mwandamo, mawingu yakiwa yametanda chini magharibi. Mzee Ramazani, baba yake Riziki, mtu wa kamati ya wazazi na mtu wa haraka katika kila jambo, alipita pale tulipokuwa. Akainama kwenye bomba kabla sijamwambia kitu, wala hakuangalia limeelekea wapi.

“Mwezi iko. Nimeuona na macho yangu, pembe zake mbili.”

Akaondoka mbio kuutangaza. Nilimkimbilia nikimwita, nani asikie? Nusu ya mtaa ilikwisha kuandaa daku pale imamu alipokuja kwa utulivu wake na kuomba aoneshwe mwezi kwa jicho tupu. Mwezi haukuwepo. Mzee Ramazani alifunga siku yake peke yake, kwa ubishi, na watoto wakamtungia wimbo.

Unajua mtu aliyeaibika anavyotafuta wa kumtwika. Kamati iliitwa, akasimama. “Hii kitu ya mwalimu inadanganya watu. Inaweka mwezi mahali hakuna mwezi. Na watoto wetu wasichana wako inje na giza kwa sababu yake. Tuifunge.” Wengi wakaguna kumuunga mkono. Nilimwona Riziki dirishani, amejishika mashavu. Nilijua baba yake akishinda, hatamfungia darubini tu. Alikuwa ameshaanza kusema kwamba msichana aliyefika umri ule shule imemtosha.

Hapo kichwa ngumu chako kikaamka. Nikasema, “Wazazi wangu, ile siyo mwezi, na bomba haikudanganya. Ile nyota ya jioni itashuka, itapotea, na mbele ya Idi mutaiona alfajiri, upande wa pili. Na pembe zake mbili. Kama haitarudi, mimi mwenyewe nitavunja hii bomba, na watoto watabaki nyumbani.”

Walikubali. Wake wa mwezi ni wawili, huku pia kila mtu alijua, na wa jioni hatoki alfajiri, kwa hiyo waliona nimejifunga kamba mwenyewe. Hata Mama Sakina alinisikitikia. Alipika siku hiyo kama anayemuaga mtu.

Zuhura akashuka kama nilivyosema, kila jioni karibu zaidi na jua, hadi akatoweka. Kisha mvua. Mama, mvua za mwezi ule hukuziona. Alfajiri baada ya alfajiri, watu wakila daku, mimi nilisimama uani natazama ukungu mtupu mashariki. Hesabu nilizijua, lakini hesabu haziwezi kufukuza wingu. Niliogopa, nakwambia kweli. Riziki alikuwa ameanza kuja shuleni bila kuinua uso.

Wasichana walipokata tamaa niliwasimulia kuhusu mitambo ambayo binadamu wameituma huko Zuhura. Imetua kwenye mawe yake, ikapiga picha, kisha ikafa kwa joto, kwa kuwa chini ya mawingu yale kuna tanuri. Mama Sakina, akiwa amekaa hapo akichambua majani, akasema, “Kumbe mwanamuke wa kujipamba inje, ndani ni moto tupu.” Wakacheka. Lakini Riziki aliuliza kama itatumwa mingine, na nani huitengeneza mitambo hiyo. Nikamjibu kwamba bado inatengenezwa, na watu kama yeye.

Idi ikakaribia. Alfajiri moja nikasikia mlango unagongwa. Nilifungua nikamkuta Mzee Ramazani, amesimama na kandambili mguu mmoja tu.

“Mwalimu, toka. Amerudia.”

Mvua ilikuwa imeosha anga. Upande wa mashariki, chini kabisa, ule mwanga mweupe. Niliielekeza darubini, nikampisha yeye kwanza. Safari hii alitazama bomba limeelekea wapi, akatazama nyota kwa jicho tupu, ndipo akainama. Akazihesabu pembe mbili. Watu walikuwa wanatoka na sahani za daku mikononi, wanapanga mstari uani kwa mke mwenzio, na kila aliyetazama aliziona pembe zilezile. Ni yeye, mama. Ni mmoja. Nilifurahi nikalia mbele za watu, na Mama Sakina akanifuta kwa kanga yake.

Jioni ya mwisho ya Ramadhani watu walikwenda tena uwanjani kutafuta mwezi. Nilikuwa nyuma, pamoja na wanawake. Mzee Ramazani alimshika Riziki mkono, akapita naye katikati ya wanaume hadi mbele, karibu na imamu.

“Angalia wewe kwanza,” akamwambia. “Wewe unajua.”

Riziki hakuhitaji darubini. Alitazama chini magharibi, akageuza kichwa kidogo, akainua kidole. “Iko pale.”

Imamu alifuata kidole kile, akaangalia, akainua mikono. Takbira zikaanza, uwanja mzima, na mtoto wa mtu wa haraka akiwa amesimama mbele yao wote na kidole chake bado juu.

Pumzika vema, mama yangu. Mke mwenzio anakusalimu.

Ni mimi, mwanao wa Kasongo.