Shamba Lako Halimo Kwenye CD

Okoth, mtoto wa mama yangu,

Uliondoka kabla hatujamaliza ugomvi wetu wa CD, na mimi sijazoea kuachwa na neno mdomoni. Wewe ulisema gemu ya kununua mtandaoni haichubuki, haiibiwi, wala haikaliwi na dada mwenye makalio kama yangu. Mimi nikasema nikitoa pesa zangu nataka kitu cha kushika. Unakumbuka nilivyotoka Homa Bay na lile kasha jipya, nikijigamba, tukalifungua tukakuta hamna CD ndani, ni kikaratasi chenye namba ya kwenda kupakua? Ulicheka mpaka maumivu yakakushika kiunoni. Mama akanifokea mimi, eti namchekesha mgonjwa.

Baadaye nilinunua CD kweli, ya ile gemu yako ya shamba, kwa ubishi tu. Hata kuifungua sikuifungua.

Najua kwa nini uliipenda ile gemu. Selimundu, ule ugonjwa wako wa damu, haukukuruhusu kushika jembe, na kwetu Kisegi kijana asiyelima anatazamwa vibaya. Mle ndani ulilima. Mama alisimama nyuma yako akikukosoa, kwamba maharagwe yako yamebanana, hayatapumua. Alikukosoa kama amesimama kwenye udongo kabisa. Nawe ulikuwa unampenda sana wakati huo, nilikuona.

Tulipokwisha kukuzika, baba mdogo aliketi nje ya simba yako, ile nyumba ya ujana uliyojengewa ulipomaliza shule, akagawa vitu vyako kama inavyotakiwa. Koti likaenda kwa binamu. Kompyuta akabaki nayo Mama, maana alikuwa ameikumbatia na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Nikasema kuna gemu pia, nyingi, tulizonunua sote wawili kwa jina lako. Baba mdogo akauliza, "Ziko wapi?" Nikasema ziko mtandaoni. Jameni, watu walicheka matangani! Akasema, "Basi lete tuzione." Sikuwa na cha kuleta. Akafunga kikao akisema ambacho hakikugawanywa ni cha mwenyewe bado. Mimi nilidhani anataka tu kwenda kula.

Sasa nisikilize vizuri.

Pale dukani Rongo ninapofanya kazi ya kuchapa, saa kumi jioni wateja huwa wamepungua. Siku moja nikakukumbuka sana. Nikaingia kwenye akaunti yako kwa paswadi yetu ile ya zamani, na kompyuta ikaniandikia: akaunti hii inatumika kwenye kompyuta nyingine, ukiendelea aliyeko atatolewa. Nikaondoa mikono kana kwamba nimegusa jiko. Kesho yake saa kumi, maneno yaleyale. Siku ya tatu pia.

Nikapandwa na hasira. Mwizi gani huyu anayechezea vitu vya marehemu? Nikaenda pale pa kubadilisha paswadi, nikaandika mpya, ikabaki kubonyeza tu. Kidole kikakataa. Nilitaka kwanza kujua ni nani ninayemfungia nje.

Jumapili nikaenda nyumbani. Muziki wa shamba lako niliusikia nikiwa bado nje ya uzio, Okoth.

Alikuwa Mama. Ameketi kwenye mlango wa simba yako akichambua dagaa wa omena kwenye ungo, na kompyuta iko kitandani kwako, imewashwa. Akasema, "Naiwasha tu iimbe. Ikinyamaza siwezi kupita hapa." Kumbe wewe ndiye uliyemfundisha kuiunganisha na intaneti ya simu yake na kubonyeza ile picha ya jogoo inayofungua gemu, siku ambazo vidole vyako vilivimba. Zaidi ya hapo hajui kitu. Hiyo panya yenu ya kompyuta, alisema, hajawahi kuishika.

Nililia kwa furaha. Nilijiita mjinga. Halafu nikainama kutazama kioo cha kompyuta.

Mara ya mwisho nilipokaa kando yako kitandani hapo, mahindi yako yalikuwa ya magotini. Sasa yamevunwa. Ghala limejaa. Shamba limelimwa upya na maharagwe yameota. Na wewe unajua kuliko mimi kwamba mle siku haisogei yenyewe. Lazima mtu ampeleke mkulima nyumbani, hatua kwa hatua, amlaze, ndipo kuche.

Nikamuuliza Mama nani mwingine huingia humu. Hakuna. Ufunguo anao yeye, umefungwa kwenye kona ya leso yake. Kisha, akiwa bado amenipa mgongo, mikono kwenye omena, akaniuliza, "Amepanda karibu karibu tena?"

Ndivyo yalivyopandwa. Yamebanana.

Nikamwambia ndiyo, Mama, amebananisha. Akaguna, kama alivyokuwa akikugunia wewe. Niliogopa, sitakudanganya. Niliogopa, na bado sikutaka kuondoka pale mlangoni.

Niliporudi Rongo niliifungua ile CD. Inafanya kazi vizuri, nakuapia. Naishika, ni yangu, hakuna wa kunitoa. Lakini humo ni siku ya kwanza. Magugu matupu, na mkulima hana hata jina. Gemu nzima iko mkononi mwangu na wewe hupo ndani yake. Basi umeshinda, mbishi wewe, na inauma kwamba siwezi kukusikia ukijisifu.

Ile paswadi mpya nimeifuta. Ningeibonyeza, gemu zote zingekuwa zangu, na mlango ungefungwa, sijui kwa Mama peke yake au kwa nani mwingine. Nimeamua kubaki na CD yangu na magugu yangu. Mama nitamtumia bando kila wiki, asikose. Na saa kumi jioni sitaingia kamwe, hata nikulilie namna gani, kwa sababu tukiingia wawili mmoja anatolewa, na sitaki uwe wewe.

Kwaheri, ndugu yangu. Jana Mama alinipigia, anasema maharagwe yamekomaa, uyavune mapema. Ukimaliza, mpeleke mkulima alale, kuche.

Paswadi ni ileile.

Dada yako,
Akinyi