Sauti ya Papa Mdomoni mwa Khaemba

Riruta, Nairobi

Mayi wangu mpendwa,

Pokea salamu za binti yako kutoka huku Riruta. Goti lako linaendeleaje? Na mvua, imewafikia au bado mnaiona ikipita tu kule mlimani? Mimi ni mzima, na kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno kule mjini bado ninayo. Nimeandika kwa mkono na kumpa shemeji akuletee, kwa sababu simu yako husikilizwa na boma lote, na haya nataka uyasikie wewe kwanza.

Unamkumbuka Khaemba? Yule mwalimu aliyekuja na mashine ya kurekodi nilipokuwa msichana mdogo, akalala kwetu wiki nzima, akala kuku wetu, akamwahidi Papa wetu, mumeo, kwamba watu watamsikia redioni akiimba na kupiga nyuzi za litungu lake? Unakumbuka Papa alivyokuwa akikaa na redio kila Jumapili, mpaka akafa akingoja?

Basi nimempata.

Mwenzangu wa kazini, Wanjiru, alinionyesha masomo ya bure mtandaoni: historia, sanaa, utamaduni wa watu wa kila pembe. Hulipi karo, unahitaji simu na bando tu. Wagonjwa wakipungua mimi huweka visikizio nikasoma. Nimesoma habari za wafinyanzi, wachongaji, na wafalme ambao shuleni hatukutajiwa hata mara moja. Nilikuwa na furaha ya mtoto. Halafu nikafika somo la muziki wa magharibi mwa Kenya, nikabonyeza, na Papa akaanza kuimba sikioni mwangu.

Mayi, niliinama chini ya meza nikalia. Mgonjwa mmoja alidhani naumwa jino. Katikati ya wimbo nikakusikia hata wewe, ukiita kwa ukali, "Nekesa! Fukuza kuku hao!" Kisha nikasoma maandishi yaliyokuwa chini: mwimbaji na mpigaji litungu, Mwalimu Khaemba.

Machozi yakakauka hapo hapo.

Ningeweza kuwaandikia wenye somo siku hiyo. Sikuandika. Nilimtaka mbele ya watu. Nikangoja mpaka wakatangaza kwamba wanafunzi wa Nairobi watakutana naye Jumamosi katika ukumbi mmoja mjini. Nikashonesha gauni jipya. Nikamwomba Wanjiru aje arekodi kila kitu kwa simu.

Khaemba amenenepa. Alikaa jukwaani na shati la kitenge, litungu limewekwa kando yake kama pambo. Wimbo ulipowekwa akafumba macho, akasema, "Hapo nilikuwa kijana, vidole vina moto." Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Ulipofika wakati wa maswali nikasimama.

"Mwalimu, huyo mama anayeita katikati ya wimbo ni nani?"

"Aah, jirani tu. Si unajua mambo ya kijijini."

"Anamwita nani?"

"Mtoto wake, nadhani. Sikumbuki."

"Anamwita Nekesa." Nikampa mama aliyeketi mbele yangu kitambulisho changu, akasoma jina kwa sauti. "Nekesa ni mimi. Anayeita ni mama yangu. Anayeimba ni baba yangu, Wekesa, ambaye ulikula kwake ukaondoka na sauti yake. Kama nadanganya, litungu hilo hapo. Lipige tusikie."

Hakuligusa. Alitafuta maji ya kunywa na glasi ilikuwa tupu. Sitakuficha, Mayi: nilifurahi.

Sasa kwenye lile somo limewekwa jina la Papa. Nayo video ya Wanjiru nimeituma kila mahali, mpaka kanisani kwa Khaemba. Wanjiru aliniambia, "Dada, si imetosha sasa?" Nikamwambia bado.

Juzi Khaemba mwenyewe alikuja hapa kwenye ploti ninakopanga. "Nekesa, mwanangu, nimezeeka. Toa hiyo video. Wajukuu wangu wanaiona."

"Papa pia alikuwa na wajukuu," nikamjibu, nikamwacha amesimama langoni kwenye jua, majirani wanaoanika nguo wakimtazama. Mimi niliendelea kuosha vyombo, Mayi, vyombo vilivyokwisha kuwa safi.

Nasikia anakuja kwako na wazee wa kanisa kuomba msamaha. Nakujua, utataka kupika chai. Usipike. Mpeleke kaburini kwanza, aseme alichofanya kwa sauti, na majirani wawepo. Akinong'ona, mwambie arudie. Kumsamehe ni shauri lako, sitakuzuia. Mimi sijamsamehe, na pasta wa hapa ameacha kuniuliza.

Nisalimie shangazi, na kaka yangu mkubwa na mkewe, na mwambie kitinda mimba wetu asome kwa bidii. Goti ulikande na maji ya moto kila jioni.

Ni mimi binti yako ambaye moyo wake haujapoa,

Nekesa