Kadi ya Picha na Kitambaa cha Veronika

Jumatatu, 5 Julai 1999
Umeme umerudi saa tatu asubuhi. Nimefungua ramani ya Magamba kwenye kompyuta ya mradi, nikasubiri. Barabara, nasubiri. Mto, nasubiri. Ukiisogeza kidogo tu, inaanza kujichora upya yote. Nimemaliza chai na mto haujafika mwisho. Naichukia mashine hii.

Kikao cha mipaka ni Ijumaa ya wiki ijayo. Njia ya ng'ombe ya Mzee Masalu isipokuwamo, watatumia ramani ya zamani, na ile haimjui. Atahamishwa na familia yake yote. Njia hiyo alinitembeza mwenyewe kwa miguu, kutwa nzima.

Jumatano, 7 Julai
Kadi mpya ya picha, ile ya ndani ya kompyuta inayochora skrini, imeshuka na treni kutoka Tabora. Ya zamani inarudi kwa fundi kwa treni hiyohiyo, ndivyo tulivyopatana.

Nilimwagiza fundi yenye memori kubwa kuliko zote. Kaleta ya kawaida. Nilikasirika mpaka niliposoma barua yake. Anasema memori ni meza tu ya kutandazia picha. Anayechora ni chipu, na kasi inategemea nguvu yake na upana wa njia kati yake na memori. Mwisho kaandika: chipu hii inachemka, ipate hewa.

Nimeifunga ndani ya kompyuta. Ramani imetokea yote mara moja. Nimecheka peke yangu.

Nimefungua dirisha, ipate hewa.

Alhamisi, 8 Julai
Vumbi la barabarani limejaa hadi kwenye kibodi. Mke wangu Veronika amenipa kitambaa alichofuma, kama kile cha redio yetu. Nimelifunika boksi la kompyuta, mbele nimekunja kidogo ili kitufe kionekane. Ofisi imependeza.

Jumanne, 13 Julai
Vidoa vya kijani kwenye skrini. Nalaumu umeme. Njia ya Masalu imeingia yote, hadi kisimani. Bosi kasema nichape nakala. Nimesema bado majina ya vijito.

Alhamisi, 15 Julai
Saa nane mchana skrini imekuwa nyeusi. Nimezima, nimewasha. Nyeusi. Nimeweka mkono juu ya kitambaa. Moto kama pasi.

Hewa. Alimaanisha ndani ya boksi. Mimi nilifungua dirisha, kisha nikalivisha boksi sweta.

Mjinga mimi. Kadi ya akiba hakuna. Treni ya kesho haitawahi kikao.

Ijumaa, 16 Julai
Nimepeleka njia niliyoichora kwa penseli. Bosi hakuiangalia mara mbili.

"Mchoro wa penseli siyo ramani."

Wametumia ya zamani. Masalu kapewa siku kumi. Alikaa nyuma, kofia mkononi, akiniangalia nisimame niseme kitu. Sikusimama. Naona aibu hata kuandika hapa.

Jumapili, 18 Julai
Sikwenda kanisani. Veronika kauliza kitambaa chake kiko wapi. Nimemwambia kimechafuka.

Jumapili, 25 Julai
Masalu amepita hapa kwetu Kawajense asubuhi na ng'ombe wake, anahama. Vijana wake wametangulia. Alisimama mlangoni, akanipa kibuyu cha maziwa.

"We ulijitahidi, mwanangu. Mashine ndo ilikataa."

Nimepokea kwa mikono miwili. Sikumwambia. Veronika kayachemsha, tumekunywa na watoto.