Nimelikaza Gari la Mama Mkwe

Jumamosi, 3 Mei

Nimemaliza! Grisi imenifika hadi kwapani, lakini nimemaliza. Springi nne mpya, fupi, ngumu kama roho ya mwenye nyumba. Shokapu nne zilizotoka kwenye gari la mashindano. Na chuma kinene cha kuzuia gari lisilale kwenye kona. Kuna mafundi wenye vyeti ukutani wanaiogopa kazi hii. Mimi darasani niliondoka mapema, mwalimu akamshukuru Mungu, lakini nimefunga magari bandarini, nimefunga magari jangwani, nimefunga hata la balozi mmoja — nchi siitaji, mtu ana heshima zake.

Gari ni la marehemu baba mkwe. Milango miwili, pua ndefu, viti kama sofa. Lilikuwa laini kupita kiasi. Ukikata kona linaegemea kama mlevi anayetafuta ukuta. Gereji walikuwa wanaliita Godoro. Fundi rangi kila asubuhi: bosi, limeamka au bado? Leo nimempakia, tukapiga kona zote za barabara ya mlimani. Halikuinama hata kidogo! Fundi rangi kashika mlango kwa mikono miwili, anamwita mama yake. Raha iliyoje!

Springi za zamani na shokapu zake nimempa Mpole, dereva teksi jirani yetu. Teksi yake ni ndugu wa gari letu, zinaingia bila ubishi. Ilikuwa juu ya matofali tangu springi ivunjike, na kwake sufuria zimekauka. Akataka kunibusu mkono. Nikamwambia toka hapa, mimi si askofu.

Jumapili, 4 Mei

Mke wangu kaliendesha hadi sokoni. Karudi, kafunga mlango wa nyumba taratibu. Kwangu mlango ukifungwa taratibu, ujue kuna jambo.

Anasema kila shimo kalisikia kwenye meno. Nikamweleza kwamba huko ndiko kuisikia barabara, na madereva wakubwa duniani wanalitafuta jambo hilo maisha yao yote. Akasema Mama hataki kuisikia barabara, Mama anataka kufika hospitali. Nikacheka. Nikamwambia springi zitazoea.

Springi hazizoei. Najua. Lakini ningesemaje?

Jumatatu, 5 Mei

Sijui nianzie wapi.

Mama mkwe alivunjika nyonga, wakamwekea ya chuma. Jumatatu na Alhamisi anakwenda kunyooshwa mguu. Pikapu ya shemeji hawezi kuipanda. Teksi tuliyokodi mara ya kwanza, alizimia ndani yake kabla hatujamaliza mtaa. Gari la mumewe tu ndilo lililomkubali: mlango mpana, kiti kinalala, anateleza ndani na mguu wake umenyooka. Halafu anasinzia. Watu wanakwenda hospitali wakilia, yeye anakoroma!

Leo hakusinzia. Tuta la kwanza nikasikia pumzi imemkatika. Nikapunguza mwendo. Tuta la pili akachukua ncha ya mtandio, akaitia mdomoni, akauma. Nikamuuliza, nisimame, Mama? Akatikisa kichwa. Mimi nikaanza utani wangu, eti Mama umeozesha binti kwa dereva wa mashindano. Akatabasamu na mtandio ukiwa mdomoni.

Bora angenitukana.

Kule hospitali dada wa mazoezi kamgusa mguu kidogo tu, akanigeukia mimi: "Mmemleta na nini, trekta?"

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda kwa Mpole. Njia nzima napanga maneno, mimi ambaye maneno hayajawahi kunipiga chenga. Nimemkuta chini ya teksi anaimba. Nikasema ndugu yangu, zile springi, nimepatwa na shida. Akatoka, uso umemshuka, lakini hakukataa. Zichukue, anasema, ni zako. Halafu akanionyesha.

Kazikata!

Teksi ilikaa makalio juu, akaona aibu mbele ya wenzake, akashika grainda akaondoa mzunguko mzima kwa kila springi. "Si wote wanakata, kaka?" Ni kweli, wote wanakata. Nusu ya mtaa huu nimewakatia mimi. Nikampiga bega, nikamwambia umefanya vizuri, limependeza. Kisha nikazunguka nyuma ya ukuta nikapiga teke tairi mpaka kidole kikavimba.

Springi ikikatwa haiungwi. Ukiichomelea itavunjika njiani. Shokapu alitaka kunirudishia, tena kwa machozi. Za nini? Shokapu laini juu ya springi ngumu, gari litadunda kama mpira. Nikamwachia. Na teksi yenyewe milango yake ni myembamba, mguu wa Mama haupiti.

Jumatano, 7 Mei

Nimezunguka kwa wauza vyuma chakavu wote. Nimepiga simu hadi sauti ikakauka. Mmoja kacheka: bosi, gari hilo hata waliolitengeneza wameshalisahau. Kuagiza? Labda mwezi, labda miwili, labda waje na springi za trekta. Tena trekta.

Nimepunguza upepo kwenye matairi. Shimo la kwanza rimu ikagonga lami. Nimejaza tena.

Mke wangu haniulizi kitu. Ananipakulia, anakaa mbali.

Alhamisi, 8 Mei

Mama amekataa kwenda.

Nimefungua mlango wa gari, nimeweka mito mitatu, nimekwenda kumwita. Anasema mguu umepona. Akasimama anionyeshe. Kashika meza, kaiegemea hadi vijiko vikalia kwenye sahani. "Unaona, baba? Umepona kabisa. Kapumzishe gari lako."

Lako! Tangu nimwoe binti yake, ni gari la mzee, gari la mzee. Leo limekuwa langu.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Nilisubiri anifokee. Kasema tu: "Sasa anadanganya ili wewe usione haya." Akaingia jikoni, akafungulia maji. Hakuna alichokuwa anaosha.

Ijumaa, 9 Mei

Hospitali wamepiga simu. Dada yule wa mazoezi, bila utani safari hii. Akikosa na Jumatatu, nyonga itakaza, na ikishakaza hatatembea tena bila kushikwa. Nikamuuliza hamna gari la wagonjwa? Anasema la wagonjwa ni la wanaokufa. Tena lina springi za lori.

Fundi rangi kaniuliza mbona tangu asubuhi sijajisifu. Nimemwambia niko likizo. Hakucheka. Kaniletea chai.

Jumapili, 11 Mei

Wazo! Ee Mungu, wazo!

Lori tupu linaruka kama mbuzi, lakini likijaa linatulia. Hata mpiga debe analijua hilo. Basi nimejaza buti mifuko ya mchanga. Fundi rangi kajitolea kukaa nyuma, mtu mwenyewe ana ukubwa wa friji. Anasema tangu azaliwe ndiyo mara ya kwanza tumbo lake linaombwa msaada. Tukaweka bakuli la maji kwenye kiti cha Mama, tukaenda hadi matuta ya shule na kurudi. Nusu ya maji ilibaki. Nusu!

Nikamwendea Mama. Nikakaa chini kabisa, sakafuni. Mama, jaribu mara moja tu. Ukiutia mtandio mdomoni, nageuza.

Akanitazama. "Kwani ulilikaza la nini, baba?"

Mimi wa bandarini, mimi wa mabalozi, nikaungama. Nikasema nilitaka wanione.

"Nani?"

"Fundi rangi."

Akacheka. Akacheka mpaka akashika nyonga, anasema aa, aa, usinichekeshe, inauma. Kisha akasema sawa, atakwenda. Mke wangu leo kala mezani na mimi.

Jumatatu, 12 Mei

Naandikia juu ya usukani. Tumesimama kando ya barabara, hata nusu ya njia hatujafika.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mama mbele, amelala kwenye kiti. Mke wangu na fundi rangi nyuma, wamebanana. Matuta ya shule tumeyapita, Mama kimya, mtandio mabegani. Nikaanza kupumua. Nikasema hata neno moja la kujisifu, Mungu anisamehe.

Halafu lile eneo walilochimba kupitisha bomba. Springi fupi na mzigo wote ule, gari lilishakaa chini, halina tena pa kushukia. Nilipaswa kujua! Si kazi yangu hii? Likagonga chuma kwa chuma. Mara moja tu. Mama akapiga kelele. Sijawahi kuisikia sauti ile, na sitaki kuisikia tena.

Mke wangu kateremka, kakimbilia duka la dawa kule njia panda. Fundi rangi anashusha mchanga, mfuko mmoja mmoja, anaupanga kwenye majani. Hatanii. Haniangalii.

Magari yanapita yanatupigia honi. Yote yana springi laini, mashenzi.

Nimemuuliza Mama, twende mbele au turudi nyumbani? Macho kafumba. "Usiniulize mimi. Dereva ni wewe." Nikasema hospitali ni karibu. Si karibu, na mbele pamechimbwa zaidi. Na nyuma ni kule kule tulikotoka.

Jasho linamtiririka hadi shingoni. Kaushika mkono wangu wa kushoto tangu gari ligonge, kaukamata hasa. Naandika kwa wa kulia.

Namwona mke wangu kwenye kioo. Anakimbia. Mikono mitupu.

Nimewasha injini. Mama hajaniachia, na siwezi kutia gia bila kuuvuta mkono wangu kutoka kwenye wake.