Mshenga Wangu Kapotelea Rumi

Mpendwa Bi Mize, naomba msaada,

Nimempoteza mshenga wangu Jumapili ya kwanza ya Machi, mwaka huu wa 1998, sebuleni kwa Mzee Ghalib, Adelphi. Mimi mtu wa Laurel, mji jirani, nilianza na mashine moja ya kuoshea mazulia, sasa nina gari nne, sina wa kumshukuru ila Mungu na mgongo wangu, nikamtuma rafiki yangu Zuhair, kwa koti na halua, anipelekee posa kwa Ummu binti Ghalib, maana kwetu mwanamume hajipeleki mwenyewe, naye akamkuta mzee, ambaye macho yake yamefanyiwa operesheni na Ummu ndiye humsomea, ana riwaya mapajani ya ujana wa Kaisari wa Rumi, mzee akasema, "Mwanangu, hebu nisomee kidogo kabla hujasema lililokuleta," basi hicho kidogo hakijesha mpaka leo.

Kila Jumapili nampigia simu Zuhair. "Umesema?"

"Bado, bwana, leo katekwa na maharamia!"

"Nani?"

"Kaisari! Wametaja pesa za kumkomboa, yeye anawaambia mnanidharau, ongezeni! Mzee kacheka mpaka kamwaga kahawa."

Bi Mize, nangoja mke, naletewa maharamia. Kitabu kina kurasa mia sita na kumi na mbili, wao wako ukurasa wa mia na arubaini, thelathini na tano kila Jumapili, yaani posa yangu itatajwa mwisho wa Juni, na Zuhair anasema iko juzuu ya pili! Huku posa nyingine yaja kutoka Toronto, na Ummu kaniuliza, "Wazir, au wataka nikupose mimi?" Mimi sijafungua kitabu tangu kile cha mtihani wa leseni. Nimfukuze Zuhair, au niende mwenyewe nikaaibike?

Wazir, Laurel

Wazir,

Pole, na nimecheka, usinune. Hesabu yako ya kurasa haina kosa, ila kuna jambo umeliandika mwenyewe ukalipita: nani humsomea mzee? Ummu. Unadhani baba wa binti hajui kijana aliyevaa koti na kubeba halua kafuata nini? Kajua tangu hodi ya kwanza. Kajua pia kwamba ukishamchukua Ummu, atabaki na kitabu asichoweza kukisoma, ndiyo maana kamng'ang'ania Zuhair. Wewe umetaja gari nne, hukuuliza hata mara moja mzee atabaki na nani. Aibu kidogo, bwana.

Zuhair usimfukuze, kosa lake ni kunogewa na hadithi. Jumapili hii aseme posa akiwa bado mlangoni, kabla hajapewa kiti wala kitabu, na aongeze ahadi yako: kila Jumapili wewe na Ummu mtakuwa Adelphi, na msomaji ni wewe. Ndiyo, wewe. Ukikwama kwenye majina ya Kirumi, mzee atakusahihisha na kukucheka, uvumilie.

Na wewe Mzee Ghalib, najua ukurasa huu wa gazeti anakusomea Ummu mwenyewe, kwa hiyo Ummu mwanangu, soma hapa bila kutetemeka: unamwoza Wazir au humwozi? Kaisari atangoja. Tunataka ndiyo au hapana, kabla ya adhana ya Magharibi, Jumapili hii hii.