Jumapili Picha ya Bikira Maria Ilipopita Mlango Wetu

Mama,

Jumuiya yako imeturuka. Nianze na hilo, maana nimekasirika, na sina mwingine wa kumwambia kwa Kiswahili humu ndani.

Baada ya arobaini yako, picha ya Bikira Maria na Mtoto ilianza tena kuzunguka. Nyumba kumi, kila nyumba wiki moja, wanaipokea kwa rozari Jumapili jioni. Sisi ni wa saba. Hesabu hiyo hainipotei. Nikafunga karakana mapema, nikachemsha chai ya tangawizi ya watu kumi na wanne, nikapanga viti. Lifti ikafunguka, nikasikia wimbo ukija koridoni. Ukapita. Ukaingia kwa Mama Deo, nyumba ya nane.

Kesho yake nikamgongea. "Baba, tulikuruka," akasema. "Uko peke yako sasa. Nani atakuitikia?"

Peke yangu! Mtu niliyeanza Toronto na msumeno mmoja, bila wa kunishika mkono! Fremu ile niliitengeneza mimi, mbao za mwaloni, sentimita arobaini na mbili kwa hamsini na saba, pembe zote nne zimekutana bila kupishana hata milimita. Nikamwambia mbele ya mumewe, "Picha ni ya mama yangu." Akaiangua ukutani, akanipa.

Sasa iko sebuleni. Unakumbuka ulivyokuwa ukisema? "Huyu Mwitaliano alichora miaka mia sita iliyopita, hajawahi kubeba mtoto. Mwone Yesu, uso wa karani wa forodha!" Tulicheka mpaka katekista akatukazia macho. Lakini mkono wa yule mtoto, Mama, sikuwahi kuuona vizuri. Anatutazama sisi, huku vidole vimekamata shela ya mama yake, vimeikunja. Na mama anamtazama yeye tu, kama mtu aliyekwisha kuambiwa jambo.

Jana nilijaribu kusali. "Salamu Maria, umejaa neema..." Nikamaliza nusu yangu, nikakungoja uitikie.

Friji ilinguruma.

Nikaendelea, sehemu zote mbili mwenyewe. Salamu kumi zikanichosha kuliko zile hamsini na tatu tulizosali pamoja. Basi Mama Deo alisema kweli, na ndicho kilichoniuma. Nikapiga hesabu nyingine pia: katika wiki hamsini na mbili za mwaka, picha hii ilikaa kwako tano, ukibahatika sita. Wewe uliyeileta. Sikukusikia hata siku moja ukisema "yangu." Mimi nimeisema kabla hujamaliza mwaka kaburini.

Kesho naifunga kwenye kitenge chako cha bluu, nampelekea Mama Deo. Wiki yake nimeila mimi, aianze upya. Kuomba radhi sijui, unanijua. Nitaitundika mwenyewe, niipime ikae sawa, labda maneno yatakuja nikiwa nimempa mgongo. Kisha nitakaa kiti cha nyuma, niitikie.

Kutoka kwake mpaka zamu yetu ni wiki tisa. Milango tisa. Nakuahidi nitaifuata yote, hata kule ambako hawanipendi. Na Jumapili ya zamu yetu sitawangoja ndani, Mama. Nitasimama koridoni, mbele ya lifti, niibebe mwenyewe kuiingiza.

Pumzika. Mimi bado nakuitikia.

Mwanao