Kadi Kwenye Kopo la Unga

Jumanne, 2 Septemba 2025

Majibu ya kipimo cha kichwa, MRI, yametoka. Nina uvimbe kwenye utando wa ubongo, saizi ya kokwa ya tende. Siyo saratani — alhamdulillahi! Ila unabana mshipa wa jicho la kulia. Ndiyo maana mwezi mzima natunga uzi kwenye sindano nakosa, na wateja wanacheka, fundi cherehani gani huyu.

Daktari akauliza: natumia sindano ya uzazi wa mpango? Kuna wanaoitumia miaka mingi, uvimbe wa namna hii ukakua. Wengine wakiacha unasinyaa, hawapasuliwi. Mume wangu Badru kakaa pembeni. Nikasema hapana. Na yeye akadakia, tena kwa kujiamini: sie tunatafuta mtoto wa pili, dokta, mwaka wa saba huu!

Basi, akasema daktari, tujiandae na upasuaji.

Mwaka wa saba wa sindano! Kila miezi mitatu. Kadi naificha kwa jirani yangu Apolonia, kwenye kopo lake la unga. Mwongo mkubwa mie.

Alhamisi, 4 Septemba

Apolonia anasema nimpigie daktari kwa siri, yaishe. Hapana. Nimechoka na siri. Nipasuliwe fuvu kwa kulinda uongo? Sipasuliwi ng'o!

Badru kanunua miwani ya kusomea, eti inisaidie kutunga uzi. Angekuwa mkorofi ingekuwa rahisi.

Jumatatu, 8 Septemba

Leo tarehe ya sindano. Sikwenda.

Alhamisi, 11 Septemba

Hospitali, kwenye benchi. Badru kaenda kununua maji. Kadi iko mapajani, imejaa unga. Naogopa, lakini namwambia leo, kabla hatujaingia.

Namwambia na sababu. Nilipomzaa binti yetu Najma nilipata kifafa cha mimba, siku tatu sijitambui. Nilipozinduka nilimwambia sizai tena. Akasema Mungu atapanga. Nikalia, akanibembeleza, na mwaka haujaisha akauliza tena. Ndiyo nikaenda kuchoma sindano.

Huyo anakuja. Kaninunulia na korosho.

Ameiona. Kadi gani hiyo, Mama Najma? Nimemwambia kaa kwanza. Nimempa mwenyewe, mkononi, nikamwambia: yangu.

Anapangusa unga. Anafuata tarehe kwa kidole, moja moja. Ziko ishirini na nane. Bora angegomba!

Nesi ameita jina langu. Badru yuko mstari wa tatu, hainui kichwa.

Ameita tena. Nainuka. Kadi naihitaji mle ndani, nimwonyeshe daktari — na hajaiachia.